Dobi Aliyefua Mbingu

Ujumbe wa kaka mtu uliingia saa mbili kasorobo asubuhi, wakati dobi amebana kola ya shati la mteja kwa mkono wa kushoto na pasi iko mkono wa kulia. Aliusoma kwa jicho la pembeni, akamaliza kola, akaligeuza shati, ndipo akausoma tena kwa macho yote mawili. "Saa nne naanza kukisaga upya. Nimeona nikuarifu." Hakukuwa na salamu wala hujambo. Kaka yake ni mtu wa maneno machache, lakini si machache kiasi hicho. Hata akiomba chumvi huanza kwa kuuliza hali za watu.

Kilichokuwa kinakwenda kusagwa ni kioo cha darubini. Kaka mtu ni fundi miwani. Kutwa hukata na kusugua vioo vya macho ya watu, na miaka sita iliyopita alijitengenezea kioo kimoja kikubwa, upana wa sinia, cha kukusanyia mwanga wa nyota. Alikisaga kwa mikono miezi kumi na mmoja, akilizunguka hatua kwa hatua pipa alilokiwekea juu yake katika chumba cha chini ya nyumba wanayopanga, kwa sababu huko joto halipandi wala halishuki. Mkewe alizoea kuwaambia wageni kwamba yeye ni mke wa pili, mke mkubwa yuko chini na ana umbo la pipa.

Tangu kioo hicho kikamilike, ndugu wawili hao waligawana kazi. Kaka hupanda juu ya paa usiku ulio mweupe wa nyota na kupiga picha za nebula, yale mawingu ya gesi na vumbi yaliyo mbali kiasi cha kutohesabika. Kamera yake haina rangi. Hutoa mamia ya picha nyeusi na nyeupe, nyingine kupitia kichujio kinachopitisha mwanga wa hidrojeni, nyingine kupitia kile cha oksijeni. Asubuhi flashi yenye picha hizo humfikia dobi, na dobi ndiye mpishi. Huzilaza picha mia mbili moja juu ya nyingine mpaka chenga zipungue, huipa hidrojeni wekundu wake, oksijeni huipa kijani kinachoelekea buluu, kisha huanza kazi anayoipenda kuliko zote, kusafisha. Taa za barabarani huacha utando kwenye picha, na mwezi huacha wake, na yeye huuondoa mpaka pembeni mwa nebula pabaki peusi ti.

Na anajua kusafisha, hilo hakuna wa kumnyang'anya. Mwanamke huyu hulitazama doa kwenye kitambaa akakwambia ni mafuta ya mnyororo au ni jasho la wiki mbili, na kama ni wino atakwambia ni wa kalamu gani. Katika chama chao cha watazama nyota, picha yake ya nebula ambayo wenyewe waliibandika jina la Figo, kwa umbo lake, ilitundikwa ukutani pa ukumbi, na katibu akasimama mbele ya watu akasema huyu dobi anafua hata mbingu. Watu walicheka, wakapiga makofi. Yeye aliinamisha kichwa kama mtu mnyenyekevu, lakini tuseme ukweli, mwezi mzima baada ya hapo alipiga pasi akiimba.

Shida ilianza na doa. Miezi mitatu nyuma kaka alimpigia akamwambia ameziangalia zile picha za oksijeni kabla hazijasafishwa, na chini ya Figo, kona ya kushoto, kuna kitu. Ni hafifu, kama pumzi ya mtu kwenye dirisha. Je, yeye amekiona? Dobi alikuwa amekiona. Alikuwa amekiona mwaka wa kwanza, na wa pili, na kila mwaka alikifuta pamoja na utando wa taa bila kukipa hata dakika ya kukifikiria. Akajibu kwa haraka, maana siku hiyo alikuwa na mashuka arobaini ya nyumba ya wageni: ni ukingo wa kioo chako, kaka, nyota ile kubwa ya jirani inapiga ukingoni na mwanga unatawanyika.

Alijua panapouma, akabonyeza hapo hapo. Kaka mtu hana anachokionea aibu duniani kama ukingo wa kioo kile. Wasagaji wote wa vioo huogopa ukingo, kwa sababu mkono ukichoka ndio unaoharibika kwanza, na yeye tangu siku ya kwanza alikuwa akiwaambia watu kwamba katikati amepatia, pembeni hana hakika. Hata hivyo si mtu wa kukubali jambo bila kipimo. Aliuliza swali moja tu: "Umezitenganisha?"

Swali hilo lina maana yake, na ndilo lililobeba kisa hiki chote. Darubini hufuata nyota zikipanda kutoka mashariki. Zikishavuka utosini na kuanza kushuka, darubini hulazimika kupinduka upande wa pili wa mguu wake. Kuanzia hapo kila picha hutoka kichwa chini. Programu ya kompyuta huzigeuza na kuzilaza juu ya zile za mwanzo, nyota juu ya nyota, na mtu hahisi kitu. Lakini kasoro ya darubini haigeuki pamoja na nyota. Ukizitenganisha picha mafungu mawili, za kabla ya kupinduka na za baada, doa la kioo litakuwa kona ya chini kushoto katika fungu moja na kona ya juu kulia katika la pili. Doa la mbinguni halihami.

"Nimezitenganisha," dobi alijibu. "Linahama."

Hakuwa amezitenganisha. Alikuwa na mashuka arobaini, na alikuwa na hakika, na mtu mwenye hakika na mashuka arobaini huona kipimo ni kupoteza muda. Neno lilitoka, kaka akashukuru, simu ikakatwa. Angeweza kufanya kipimo usiku ule ule akaigeuza ile kauli kuwa kweli. Hakufanya. Wiki ikapita, ikawa vigumu kidogo, mwezi ukapita, ikawa vigumu zaidi, na kaka naye hakulitaja tena, ikaonekana limekwisha.

Kumbe mwenzake alikuwa akilipika kimya kimya. Sasa, saa mbili kasorobo, dobi alisimama mbele ya meza ya pasi. Alijiambia haina neno. Doa ni la ukingo, kioo kina kasoro, na mtu kusaga upya kioo chenye kasoro ni busara. Alitundika shati. Akachukua lingine, akaliweka chini. Mwishowe akachomoa pasi, akaifungua kompyuta yake ya kukunja juu ya rundo la taulo, akatafuta picha za oksijeni. Atafanya kile alichosema amekifanya, doa litahama, na moyo utatulia.

Kuzigawa kulichukua dakika kumi. Kuzilaza ndiko kulikokuwa kazi, maana kompyuta ile ina umri wa kustaafu. Mstari wa kijani ulianza kutambaa: asilimia nne, asilimia sita. Mteja aliingia kuchukua suruali mbili. Akapewa, akashukuru, akatoka, akarudi baada ya muda akasema kwa upole kwamba suruali ni nzuri lakini miguu yake haijawahi kufika huko. Dobi aliomba radhi, akambadilishia, asimtazame usoni. Asilimia hamsini na moja. Alikunja foronya ambazo zilikuwa zimeshakunjwa.

Fungu la kwanza lilifunguka saa tatu kamili. Doa lilikuwepo, kona ya chini kushoto, pale pale. Hilo alilitarajia. Aliliwekea alama ndogo kwa kidole kwenye vumbi la kioo cha kompyuta, akaanzisha fungu la pili, akakaa kwenye kiti cha wateja akiuangalia mlango asije mtu. Alikuwa akiomba, na ajabu ni kwamba alikuwa akiomba kioo cha kaka yake kiwe kibovu. Alijisikia akiomba hivyo akaona aibu, lakini hakuacha.

Saa tatu na dakika ishirini fungu la pili lilifunguka. Alitazama kwanza juu kulia, alikotaka kutazama. Palikuwa peusi. Akaangalia chini kushoto, na pale chini ya alama ya kidole chake, doa limetulia kama limezaliwa hapo.

Kwa muda kama wa kuvuta pumzi mbili alifurahi. Aliongeza mwanga wa picha, doa likajitokeza na umbo: utepe mrefu uliopinda, mwembamba mwanzo na mpana mwisho, wingu halisi la oksijeni ambalo huenda hata wenye darubini kubwa hawajaliandika popote. Akafungua picha za mwaka wa kwanza, zile mbichi, ambazo mkono wake haujapita. Lipo. Za mwaka wa tatu. Lipo. Kisha akafungua ile ya ukutani, iliyopigiwa makofi, na kona ile ilikuwa nyeusi, safi, kazi ya mikono yake. Ndipo akaitazama saa.

Alimpigia kaka. Simu iliita mpaka ikakata. Akapiga tena, ikaita, ikapokelewa, na sauti iliyomjibu ikawa ya wifi yake.

"Wifi, unaipigia pochi yangu," wifi alisema. Yuko dukani anakouza vitambaa, na nyuma yake mita ya kupimia vitambaa ilikuwa ikigonga mezani. "Kanipa simu yake niondoke nayo. Kasema leo hataki mtu amguse."

Dobi aliuliza kama kuna jirani yeyote wa kumshukia chini. Wifi akasema jirani wa juu yuko kazini na yule wa pembeni wamenuniana tangu suala la takataka, na kwani kuna nini, mbona anahema? Dobi akasema atamweleza. Akaifunga kompyuta, akaizungushia shuka la mteja lililokuwa karibu, akafunga mlango wa duka kwa ufunguo na kuondoka akiwa na kandambili za kufulia.

Kwa kawaida ni mwendo wa nusu saa, au dakika saba kwa pikipiki, lakini barabara ilikuwa imechimbwa kupitishia mabomba na mwenye pikipiki wa kwanza alimwambia huko haendi, wa pili akamwambia vivyo hivyo. Akaenda kwa miguu, kisha akakimbia. Mwanamke wa miaka hamsini na mbili anayekimbia amekumbatia kitu ndani ya shuka jeupe huvuta macho, na mafundi wa mabomba waliacha kuchimba wakamtazama. Mmoja alimuuliza kama mtoto anaumwa. Akaitikia kwa kichwa, kwa kuwa kueleza kungechukua muda.

Njiani, pamoja na kukimbia kote huko, akili yake ilikuwa imeshaanza kumtafutia pa kutokea. Atasema programu ilikosea. Atasema alizitenganisha kweli, lakini kompyuta ilichanganya mafungu, na leo ndipo amegundua. Kaka hazijui programu, hawezi kuuliza zaidi. Uongo ulimjia umenyooka, umepigwa pasi mpaka mikononi, na kufikia lango la nyumba yao alikuwa ameshauzoea kama nguo ya kila siku. Saa ya simu ilionyesha saa nne kasoro dakika nane. Amewahi.

Alishuka ngazi za chini akishikilia ukuta. Kwenye ngazi ya tano akausikia mlio. Ni mlio mkavu, wa kukwaruza, kama mtu anayefagia mchanga juu ya saruji kwa mkono mzito, na aliufahamu, kwa sababu miaka sita iliyopita aliwahi kuusikia na kaka akamweleza kwamba hiyo ni changa ya kwanza, unga wa kusagia wenye chembe kubwa. Ukipita nayo dakika kumi juu ya kioo kilichong'arishwa, alisema, umeua kazi ya miezi.

Mlango ulikuwa wazi. Kaka alikuwa amempa mgongo, amevaa aproni ya plastiki, anazunguka pipa. Kusukuma, kuvuta, hatua moja kando. Juu ya pipa kioo hakikuwa kioo tena. Kilikuwa cheupe kijivu kama bamba la chumvi, na maji ya changa yalichuruzika pembeni mwake.

"Nawa kwanza," alisema bila kugeuka. Ndiyo sheria ya chumba kile: haingii mtu na vumbi la nje, ananawa hadi kiwiko kwenye ndoo ya mlangoni, anavua viatu.

"Kaka, simama."

Alisimama. Hakuna aliyewahi kumwambia hivyo kwenye pipa lake.

"Ulisema saa nne," dobi alisema, na yeye mwenyewe akashangaa kwamba hilo ndilo lililotangulia kutoka.

"Nilianza saa tatu. Nikingoja ningeghairi."

Dobi alilifungua shuka, akainua kompyuta, akaishika mbele ya kifua. Akamwambia doa si la kioo. Mafungu yote mawili yanalo, kona ile ile, na picha za mwaka wa kwanza zinalo. Liko juu kule, pamoja na nyota zenyewe.

Kaka mtu alikisogelea kile kioo cha kompyuta, mikono ameinyoosha kando isiguse kitu, changa inadondoka vidoleni. Alitazama kwa muda. Macho yake yalikwenda kushoto chini, yakahamia fungu la pili, yakarudi.

"Ulisema ulizitenganisha."

Uongo ulikuwa tayari mdomoni. Ulikuwa hauna gharama yoyote. Kioo kimeshasagwa na hakuna ukweli utakaokirudisha. Programu ilikosea, maneno mawili tu, na jioni wangekunywa chai pamoja wakiilaani kompyuta. Dobi alifungua mdomo kuyasema, akaiona ile mikono iliyonyooshwa kando, vidole vimekunjamana kwa maji.

"Sikuzitenganisha," alisema. "Nilikudanganya. Nimezitenganisha leo, baada ya ujumbe wako."

 Kaka alivuta ndoo tupu kwa mguu, akaipindua, akaikalia. Akauliza habari ya mwaka wa kwanza. Lipo, dobi akamwambia. Wa pili? Lipo. Akamwambia yote, kwamba kila mwaka lilikuwepo na kila mwaka amelifuta, na kwamba picha ya ukutani ni safi kwa sababu hiyo. Machozi yalikuwa yanamshuka na hakuweza kuyafuta, mikono yote miwili imeshika kompyuta.

"Kwa hiyo ukingo," kaka alianza, akaishia hapo.

"Ukingo ulikuwa mzima, kaka."

Aliinuka akaenda kwenye pipa. Akapitisha kidole gumba pembeni mwa kioo, mzunguko mzima, polepole, kama alivyokuwa akifanya kwa vioo vya wateja akitafuta kipele. Hapakuwa na cha kutafuta. Ukingo aliokuwa amelala na kuamka nao miaka sita, akiwaombea watu radhi kwa ajili yake kabla hawajauliza, ulikuwa umetoka mzima mikononi mwake tangu mara ya kwanza, na aliyekuja kuuharibu ni yeye mwenyewe, tangu saa tatu.

"Nilimwambia kila mtu," alisema. "Hata katibu. Nilimwambia msitazame pembeni."

Dobi alisema atamwandikia katibu leo leo, aeleze kila kitu, na picha ishushwe ukutani. Kaka akaitikia kwa kichwa. Akasema aandike na tarehe za picha zote, watu wa kupima wapime, na kona ile isiguswe tena hata kama ina utando wa taa za dunia nzima. Alisema hayo bila kupandisha sauti, na dobi aliona heri angemfokea.

 Juu yao mtu alivuta kiti sakafuni. Dobi alianza kuizungushia tena kompyuta yake shuka lile, aondoke, maana hakujua mtu anakaa vipi mahali kama pale baada ya jambo kama lile.

"Nawa mikono," kaka alisema.

Dobi aligeuka kumtazama. Kaka alikuwa ametungua aproni ya pili msumarini, ile ya mkewe ambayo haijawahi kuvaliwa, anamnyooshea. Dobi aliweka kompyuta juu ya ngazi, akavua kandambili, akainama kwenye ndoo. Alinawa hadi kiwiko, akarudia. Alipoingia, kaka alimwonyesha upande wa pili wa pipa, akakigeuza kioo uso chini, akamweka viganja juu ya mgongo wake, baridi kabisa, na viganja vyake mwenyewe akaviweka mkabala.

"Kimeshakwaruzwa, lazima kisagwe mpaka mwisho. Unasukuma, mimi navuta. Kila mara mia tunasimama, tunaosha, tunaongeza changa. Wewe ndiye utakayehesabu." Akamtazama usoni kwa mara ya kwanza tangu aingie. "Ukisema mia, iwe mia."

Dobi akaanza kuhesabu kwa sauti, moja baada ya nyingine, ili asikie.